Churchill na maji ya Jinja: Ndoto ya 1907 iliyozamisha maporomoko

MWISHONI mwa Novemba 1907, mwanasiasa kijana kutoka Uingereza alisimama kando ya maporomoko ya Ripon, mjini Jinja, akayatazama maji ya Ziwa Victoria yakiruka majabali na kuanza safari ndefu ya kwenda Misri. Wenyeji wa Busoga walipajua mahali pale kuwa pa samaki na pa mizimu. Mgeni huyo aliona kitu kingine kabisa. Aliona nguvu iliyokuwa ikipotea bure, usiku na mchana, pasipo mtu wa kuikinga.

Jina lake lilikuwa Winston Churchill, na umri wake ulikuwa miaka 32. Miaka 46 baadaye, akiwa Waziri Mkuu wa nchi yake kwa mara ya pili, bwawa la umeme lilifunguliwa kilomita chache kutoka pale aliposimama. Maporomoko aliyoyatazama yalikuwa tayari yamezama.

Dunia humkumbuka Churchill kwa Vita Kuu ya Pili. Kwa watu wa Bungoma na Kitale, hata hivyo, yapo mambo mengine ya kumkumbukia. Mlima Elgon hugawa maji yake huku na huku. Mto Nzoia hukusanya vijito vya Trans Nzoia na Bungoma na kuvipeleka Ziwa Victoria, ziwa ambalo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Jinja. Mto Suam nao huteremka kutoka bonde la kilele cha mlima, ukachora mpaka wa Kenya na Uganda, kisha ukageukia kaskazini hadi nchi ya Wapokot na Waturkana, ambako huitwa Turkwel. Leo maji ya pande zote mbili hupitia kwenye mitambo ya kufua umeme kabla ya kufika mwisho wa safari yake.

Churchill alizaliwa Novemba 30, 1874, katika kasri la Blenheim. Baba yake, Lord Randolph, alipata kuwa Waziri wa Fedha. Mama yake alikuwa Mmarekani. Hakung'ara shuleni, akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na kutoka hapo akawa askari aliyependa kalamu kuliko kambi. Alipigana India, na mwaka 1898 alikuwapo Omdurman, nchini Sudan, majeshi ya Uingereza na Misri yalipowaangamiza wafuasi wa Khalifa. Hapo ndipo alipokutana na Nile kwa mara ya kwanza.

Kitabu alichokitoa mwaka 1899 kuhusu vita hivyo kilibeba jambo ambalo wengi hulipita haraka. Wakati huo wahandisi walitaka kujenga bwawa Aswan, nao wasomi wa mambo ya kale wakapinga kwa kuwa maji yangelifunika hekalu la Philae. Serikali ilikubali kuupunguza urefu wa bwawa. Churchill, akiwa hajatimiza miaka 25, aliwashambulia wasomi hao kwa maneno makali sana. Kwake, kumnyima mkulima maji ili kulinda mawe ya kale kulikuwa ukatili uliovikwa joho la elimu. Bwawa lilikamilika mwaka 1902, likaongezwa kimo miaka michache baadaye, na Philae ikawa inazama kila mwaka.

Msimamo huo hakuubadilisha maishani. Maji yaliyofika baharini bila kufanya kazi yalikuwa, machoni pake, mali iliyotupwa. Na lazima ikubaliwe kwamba hoja yake ilikuwa na uzito, maana njaa ya Misri haikuwa ya kubuni. Tatizo ni kwamba katika kila hesabu aliyoipiga kuhusu mito, upande wa hasara ulikuwa na mstari mmoja au hakuna.

Baada ya kutekwa na kutoroka katika vita vya Makaburu, umaarufu ulimwingiza bungeni mwaka 1900. Mwaka 1904 alihama chama, akajiunga na Waliberali, na mwishoni mwa 1905 akapewa unaibu katika Wizara ya Makoloni. Bosi wake, Lord Elgin, alikuwa mtu mkimya aliyependa mafaili. Inaaminika kuwa hakusikitika sana naibu wake alipoomba ruhusa ya kusafiri Afrika Mashariki.

Churchill alishuka Mombasa mwishoni mwa Oktoba 1907. Alipanda gari moshi la reli ya Uganda, akawinda njiani, akakaa Nairobi, kisha akaenda Kisumu na kuvuka ziwa hadi Entebbe, alikopokewa na Gavana Hesketh Bell. Mjini Kampala alionana na Kabaka Daudi Chwa, mtoto wa miaka 11 aliyeketi katika kiti cha enzi huku wakubwa wakitawala kwa niaba yake. Jina la mtoto huyo litarudi katika habari hii kwa njia ya mwanawe.

Kipo kitu kimoja ambacho Churchill alikiona vizuri na kukiandika kwa masikitiko. Pwani za ziwa zilikuwa zikifa. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umewaua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda katika miaka michache, na Busoga iliumia kuliko sehemu nyingine. Gavana Bell aliamuru watu waliobaki wahamishwe mbali na maji. Vijiji vilikuwa vitupu, mashamba yamerudi kuwa msitu. Ufuo ambao mgeni huyo aliuwazia kuwa mji wa viwanda ulikuwa, wakati huohuo, ukiondolewa wenyewe.

Pale Ripon, ambapo Speke alifika mwaka 1862 na kuwakuta wavuvi wakiwavua samaki waliorukaruka kupanda maporomoko, Churchill alikaa kwa muda mrefu akitazama. Alivutiwa na wepesi wa jambo. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika lilikuwa likitokea kwenye mwanya mwembamba wenye visiwa vya mawe katikati, hivyo ukuta mdogo ungetosha kuukamata mto mzima. Aliwaza pamba ikisokotwa hapohapo, viwanda vikisimama ukingoni, na Nile ikianza safari yake kwa kupita ndani ya mashine. Alipendekeza pia reli ya kuzunguka sehemu ya mto isiyopitika kwa boti. Reli hiyo ilijengwa kati ya Jinja na Namasagali, ikafunguliwa mwaka 1912.

Jambo la kustaajabisha kwa mtu aliyekuja kujulikana kama adui wa ujamaa ni pendekezo lake kuhusu umiliki. Alitaka nguvu ya maporomoko ibaki mikononi mwa serikali, isiachiwe kampuni za faida, na akaiona Uganda kuwa mahali pafaapo kujaribia uchumi wa dola. Hakusema, hata hivyo, kwamba wenyeji wangeulizwa. Katika maandishi yake Waganda walisifiwa kwa adabu na elimu, ila hatima ya nchi yao ilibaki jambo la kuamuliwa London.

Kutoka Jinja alitembea kwa miguu kupita Busoga. Akiwa njiani kuelekea kaskazini alitimiza miaka 33. Alivuka Ziwa Kyoga, akafika maporomoko ya Murchison, akashuka na Nile hadi Khartoum, ambako mtumishi wake, George Scrivings, alifariki kwa kipindupindu. Makala ya safari yalichapishwa katika jarida la Strand, na kitabu kikatoka mwaka 1908. Churchill hakurudi tena Afrika Mashariki.

Alikwenda na fikra ile kokote alikopelekwa na siasa. Akiwa waziri wa jeshi la majini kuanzia 1911, alisimamia kuhamisha manowari kutoka makaa ya mawe hadi mafuta, na mwaka 1914 aliishawishi serikali kununua hisa nyingi za kampuni ya mafuta iliyochimba Uajemi kwa pauni milioni 2.2. Kisha yakaja maafa ya Gallipoli, akaanguka, akaenda vitani Ufaransa, akarudi serikalini.

Mwaka 1921 alishika Wizara ya Makoloni, na hapo maji yakamfuata tena. Mhandisi mzaliwa wa Urusi, Pinhas Rutenberg, aliomba haki ya kipekee ya kufua umeme kwa maji ya mto Jordan huko Palestina. Serikali ilimpa. Waarabu walilalamika kwamba rasilimali ya nchi yao imetolewa kwa wageni, na Baraza la Malodi likapiga kura ya kupinga sera nzima. Julai 4, 1922, Churchill alisimama bungeni kutetea mkataba huo. Hoja yake ilikuwa ileile ya Philae na Ripon: mto ulikuwa umelala karne nyingi, na aliyeleta ujuzi wa kuuamsha alistahili kuupata. Alishinda kwa kura 292 dhidi ya 35. Kituo cha Rutenberg kilifunguliwa mwaka 1932, na madhara ya siasa hiyo Palestina hayahitaji kuelezwa hapa.

Mwaka huohuo wa 1922 alitangaza kwamba nyanda za juu za Kenya zingebaki kuwa za walowezi wa Kizungu. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwao. Mashamba makubwa yaliyozunguka Kitale, yaliyonyweshwa na vijito vya Elgon na Cherangani, yalipata hivyo uhakika wa kisiasa, na waliokuwa wakichunga katika ardhi hiyo wakabaki vibarua na maskwota.

Miaka iliyofuata, Waziri wa Fedha, kisha muongo mzima nje ya madaraka, kisha 1940, imeandikwa mno na haina haja ya kurudiwa. Inatosha kusema kwamba aliiongoza Uingereza katika vita hadi ushindi, na mwaka 1945 wapiga kura wakamwondoa.

Ni haki kueleza wazi kwamba si yeye aliyeamuru bwawa la Jinja lijengwe. Uamuzi huo ulifanywa chini ya wapinzani wake wa chama cha Labour. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake alitumwa kuchunguza, na Januari 1948 Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa, shirika la umma, kama Churchill alivyokuwa amependekeza miaka 40 nyuma. Mahali palipochaguliwa palikuwa Owen Falls, chini kidogo ya Ripon.

Kikwazo kilikuwa Misri. Kwa mkataba wa 1929, hakuna ujenzi ungeweza kufanywa juu ya maziwa ya Nile yaliyokuwa chini ya Uingereza bila idhini ya Cairo. Mazungumzo yalimalizika mwaka 1949. Misri ilikubali, kwa sharti kwamba ukuta uongezwe mita moja kwa gharama yake ili ziwa liweze kutumika kama ghala la maji, na kwamba mhandisi wake akae Jinja kuangalia milango. Likaandaliwa jedwali la vipimo: kila kimo cha ziwa kilikuwa na kiasi chake cha maji ya kuachiliwa, kilekile ambacho kingepita kama bwawa lisingekuwapo. Kwa maneno mengine, mto ungezibwa, lakini ungeendelea kutiririka kana kwamba haukuzibwa.

Katika mapatano hayo Uingereza iliketi upande mmoja na Misri upande wa pili. Wavuvi wa Busoga, Buganda na Nyanza hawakuwa na kiti.

Churchill alirudi Ikulu ya London Oktoba 1951. Mwaka mmoja baadaye serikali yake iliidhinisha hali ya hatari nchini Kenya, ambamo maelfu waliuawa na wengine wengi kufungwa kambini. Nchini Uganda, Gavana Andrew Cohen aligombana na Kabaka Mutesa II, na Novemba 30, 1953, siku Churchill alipotimiza miaka 79, Kabaka huyo alitiwa ndani ya ndege na kupelekwa uhamishoni Uingereza. Mutesa alikuwa mwana wa Daudi Chwa, yule mtoto wa kiti cha enzi wa 1907.

Kwa hiyo Malkia Elizabeth alipofika Jinja Aprili 29, 1954, kulifungua bwawa, Kabaka wa Buganda hakuwapo. Ukuta ulikuwa na urefu wa mita 831, na nafasi ya mitambo 10 yenye uwezo wa jumla ya megawati 150. Majabali ya Ripon yalikuwa yamechongwa kwa baruti ili maji yatoke ziwani kwa urahisi, kisha maji yaliyorudi nyuma ya ukuta yakafunika yaliyosalia. Samaki aina ya ningu na jamaa zake, waliozoea kupanda na kushuka kati ya mto na ziwa, walikuta zege.

Umeme ulikuwa mwingi kuliko wanunuzi. Kiwanda cha nguo kilisimama Jinja, kikafuata cha kuyeyushia shaba ya Kilembe, hivyo ndoto ya pamba ikatimia kwa kiasi. Sehemu kubwa ya ziada iliuzwa Kenya. Kwa mkataba wa miaka 50, megawati 30 zilianza kuvuka mpaka mwaka 1958 kwa nyaya zilizotoka Tororo, zikapita nyanda za Bungoma karibu na Webuye, zikapanda Lessos na kufika Nairobi. Kenya haikupata bwawa kubwa lake yenyewe hadi Kindaruma, kwenye mto Tana, mwaka 1968. Chini ya nyaya hizo, Busoga na Bungoma, familia nyingi ziliendelea kuwasha koroboi kwa miaka mingi. Maji ya Nzoia yalikuwa yakirudi nyumbani yakiwa umeme, na kupita juu ya paa bila kusimama.

Churchill aliacha uwaziri mkuu Aprili 1955 na kufariki Januari 24, 1965, akiwa na miaka 90. Wakati alipokuwa akizikwa, ziwa alilotaka kulitawala lilikuwa halitawaliki. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha kwa zaidi ya mita mbili, likafurika mashamba na magati kuanzia Kisumu hadi Bukoba. Bwawa halikuwa chanzo, wala halikuwa kinga.

Kosa la wazi la kibinadamu lilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2000 Uganda ilianza kuwasha kituo cha pili cha Kiira, kando ya kile cha zamani ambacho sasa huitwa Nalubaale, jina la Kiganda la ziwa lenyewe. Mitambo iliongezeka, maji hayakuongezeka. Ukame ulipoingia, jedwali la zamani likawekwa kando na maji yakaachiliwa kupita kipimo. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Meli zilishindwa kufika gatini Kisumu, mazalia ya samaki yakakauka, na uchunguzi uliotolewa mwaka huo ulieleza kwamba karibu nusu ya mteremko huo ilitokana na mabwawa, si mbingu. Uganda yenyewe ilikuwa gizani kwa zamu.

Kisha yakafuata maporomoko mengine. Bujagali, makao ya roho inayoheshimiwa sana na Wasoga, yalizama na kituo cha megawati 250 kikakamilika mwaka 2012. Ili kufidia, Uganda ilikuwa imeahidi Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi, yangeachwa kama yalivyo. Bwawa la Isimba, la megawati 183, lililofunguliwa mwaka 2019, lilisukuma maji yake hadi ndani ya eneo hilo la ahadi. Mwaka 2020 ziwa nalo lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, wakazi wa Budalang'i na Kisumu wakakimbia nyumba zao. Aprili mwaka huo kisiwa cha magugu kilichong'oka ufuoni kilielea hadi kwenye mitambo ya Jinja na kuizimia umeme Uganda karibu yote.

Kule Suam mambo yalikwenda kwa mfano uleule, ingawa mkoloni alikuwa ameondoka. Kati ya 1986 na 1991 Kenya ilijenga bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153 na uwezo wa megawati 106, mradi ulioandamwa na lawama za gharama kupita kiasi. Nyaya zake zilielekezwa Lessos. Misitu ya migunga kando ya mto huko Turkana, inayowalisha mbuzi wakati wa kiangazi, huishi kwa mafuriko ya msimu, na watafiti walionya tangu miaka ya 1980 kwamba kuyazuia mafuriko kungeidhuru. Kwa takriban miaka 30 bwawa hilo halikupata kujaa. Mwishoni mwa 2020 maji yalipokaribia ukingo, waliokaa chini ya mto waliambiwa wajitayarishe kuhama. Ni watu walewale waliokuwa wamelalamikia upungufu wa maji.

Yapo maporomoko moja katika njia ya Churchill ambayo bado hayajaguswa. Murchison, alikofika kwa miguu mwaka 1907, yalitajwa upya mwaka 2019, kampuni ya Afrika Kusini ilipoomba kibali cha kufua umeme hapo. Wafanyabiashara wa utalii wakapinga, na Agosti serikali ya Uganda ikatangaza kuwa mradi haungekuwapo. Desemba mwaka huohuo baraza la mawaziri liliruhusu uchunguzi ufanywe.